Mgonjwa Aliyeulizwa Uji

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Mkurugenzi wa kliniki hii, Dkt. Phoebe Namalwa, masheikh na wachungaji, ambao nimefurahi kuwaona mmeketishwa meza moja na kupewa sinia moja, madaktari, wauguzi na watu wa maabara, wazazi wenzangu, watoto wote mliowahi kulia ndani ya jengo hili mkidungwa sindano, ndugu wageni waalikwa, na wewe, Daktari Mwongeli Kitonga, ambaye leo unastaafu na tumekuvika shada la maua kama bibi harusi na huna pa kukimbilia: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naitwa Fathiya Amin. Nauza leso na vitambaa huko mjini, Biashara Street, nakaa Uthiru, na nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Mshereheshaji wetu, Bwana Kiarie, ameninong'oneza nisirefushe maneno. Bwana Kiarie, muuza leso akikuambia atakuonyesha moja tu, wewe tafuta kiti. Lakini nitajitahidi.

Wametangulia waheshimiwa, wamemsifu Daktari Mwongeli kwa bidii, kwa uadilifu, kwa kuwahi kazini hata siku ambazo Waiyaki Way imefunga kabisa kwa magari. Yote ni kweli na sina la kupunguza. Mimi nimekuja kumsifu kwa jambo moja ambalo sikulisikia likitajwa, nalo ni kwamba mama huyu ni mdadisi kupita kiasi. Anauliza. Ukimjibu, anauliza jibu lako limetoka wapi. Mimi mwenyewe ni mtu wa maswali, mume wangu Zaki ni shahidi na anatikisa kichwa pale kwa uchungu wa miaka mingi, lakini kwa Daktari Mwongeli nilikutana na mwenyewe.

Wahenga walituachia methali: mgonjwa haulizwi uji. Yaani mtu akiwa taabani, usimsimamie kitandani ukimuuliza atakunywa au hatakunywa, mletee, mnyweshe. Ni methali ya huruma na nimeitii tangu utotoni. Sasa fikirieni mshangao wangu siku ya kwanza nilipoingia katika chumba cha daktari huyu, hapa Hurlingham, na mtoto mgonjwa mkononi, na jambo la kwanza aliloniuliza likawa ni uji. Uji gani anakunywa? Wa unga upi? Unasagwa wapi? Na kwenye mashine hiyo, kabla ya unga wenu, huwa kumesagwa nini? Nilimtazama mume wangu, mume wangu akanitazama. Tulidhani tumekosea mlango.

Mtoto mwenyewe ni Abeer, binti yetu wa pekee, yule mrefu aliyeketi safu ya tatu ambaye sasa anajificha nyuma ya mtandio kwa sababu mama yake anamtaja hadharani. Wakati huo hakuwa mrefu. Alikuwa gredi ya tatu na nguo za chekechea zilikuwa bado zamtosha. Tumbo limefura, mikono kama vijiti vya mishikaki, damu kila ikipimwa ni haba. Shuleni akipanda ngazi, anaketi katikati apumzike, wenzake wampita. Tulimpa dawa za minyoo, akatapika tu. Tulimpa vidonge vya kuongeza damu, damu haikuongezeka. Palikuwa na watu wazuri waliotuambia ni husuda, na wengine wazuri vilevile waliotuambia anadeka.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu halisemwi mbele ya kipaza sauti. Nimeomba ruhusa kwa mwenyewe, naye hakunipa ruhusa tu, alinisukuma. Mama yangu ni Bi Mabruka, huyu hapa mbele mwenye leso ya kisutu. Mama alibeba mimba nyingi, na aliyesimama ni mmoja, mimi. Wengine waliharibika tumboni. Wengine walizaliwa, wakavuta pumzi kidogo, wakaenda zao. Mtaani pale wakampa jina. Walimwita mla watoto. Walilisema kwenye kisima, walilisema jikoni kwenye harusi, na baba yangu alipokwisha kulisikia vya kutosha akaenda kuoa kwingine. Mama akanishika mkono tukaja Nairobi, na jina lile akalibeba kimya kimya, hakunieleza mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Kwa hivyo Abeer alipoanza kunyauka, nyumbani kwetu palikuwa na hofu mbili. Mimi niliogopa kumpoteza mwanangu. Mama yangu aliogopa kwamba ni yeye anayempoteza.

Sasa sikilizeni namna mambo yalivyokwenda, maana hapa pana jambo la ajabu, na mpaka leo nikilifikiria hunichekesha na kunitia baridi kwa pamoja.

Aliyegundua ngano ni mama. Wakati ule alikuwa akipika mahamri na chapati za kuuza, na nusu ya mtaa wetu Uthiru ikinywa chai kwa kazi ya mikono yake. Akaona kwamba mtoto akila chapati, tumbo hupanda. Akila mkate wa kumimina, ule wetu wa mchele na tui la nazi, tumbo hutulia. Akatuambia. Nasi wakati huo tulikuwa tumeshapewa miadi hospitali moja ya mjini, mtoto apimwe damu kwa ugonjwa uitwao siliaki. Ni ugonjwa ambao mwili wa mtu haupatani na gluteni, ule mnato wa ndani ya unga wa ngano unaofanya chapati ivutike. Mwenye ugonjwa huo akila ngano, mwili wake unaushambulia utumbo wake wenyewe, mpaka chakula kinapita tu bila kumfaa. Miadi yenyewe ilikuwa ya mbali, kama mjuavyo miadi.

Ndugu zangu wa bara, hebu niwaeleze kidogo kuhusu sisi watu wa pwani. Sisi hatumpeleki mtoto kwa watu hivi hivi. Anaoshwa, anapakwa mafuta, anachanwa, anavishwa nguo ya Idi, ndipo anatolewa mlangoni. Sasa kwa daktari, ambaye atamtazama mpaka ndani? Mama akasema, "Mjukuu wangu haendi kutizamwa na tumbo limefura kama mtoto asiye na kwao." Akamwondolea ngano mapema. Chapati hapana, mahamri hapana, mkate hapana, tambi hapana. Wali, vitumbua, ndizi, uji. Tumbo likashuka. Mashavu yakarudi kidogo. Siku ya kipimo ilipofika, Abeer alikuwa amepambwa mpaka ndani ya utumbo.

Majibu yakaja: siliaki hana.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Daktari wa pale hakukosea, na maabara haikukosea. Karatasi ilisema kilichokuwa ndani ya damu siku ile. Hakuna aliyeuliza uji, nasi hatukutaja, kwa sababu nani anakwenda kwa mgeni akasimulia alivyokuwa kabla ya kuoga? Tukaambiwa tutafute sababu nyingine. Tukatafuta. Miezi ikapita, mtoto hakupona wala hakuzidi, amekwama tu pale pale, na mama yangu akaacha kula mezani pamoja nasi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema hana hamu. Nilijua si hamu. Aliogopa kukaa karibu na sahani ya mtoto.

Hapo ndipo mteja wangu mmoja, Mkamba aliyekuja kununua leso za posa, akaniambia kuna mama wa kwao, yuko Hurlingham, daktari wa matumbo, anauliza maswali mpaka unataka kumpiga. Nikasema huyo ndiye.

Basi tukaulizwa uji. Na baada ya uji, Daktari Mwongeli akaishika ile karatasi ya majibu, akaitazama, akaiweka mezani, akauliza, "Kabla ya kutolewa damu hii, mtoto alikuwa anakula nini?"

Mama akajibu kwa fahari, "Tulimtengeneza vizuri, daktari mwanangu. Hakugusa ngano kabisa."

Nawaambia, sijapata kuona mtu akifurahi na kusikitika kwa wakati mmoja namna ile. Daktari aliegemea kiti, akasema, "Mama, ulikuwa sahihi. Na kwa kuwa ulikuwa sahihi mapema, kipimo hakikuona kitu."

Sikuelewa. Nikamwambia sijaelewa. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nina duka Biashara Street. Akaniuliza, "Huko mna soja wa usiku?" Nikasema tunaye. "Akiona mwizi hufanya nini?" Hupiga filimbi. "Sasa mwizi akiacha kuja miezi, mimi nikaja kusimama mtaani kwenu nikasikiliza nisisikie filimbi, nikasema mtaa huu haujapata kuibiwa, nitakuwa nimesema kweli?" Akatueleza kwamba kile kinachotafutwa kwenye damu ni kingamwili, askari wa mwili, na kwa mwenye siliaki askari hao huamka kwa sababu ya ngano. Ngano ikiondoka, polepole nao hulala. Damu ya Abeer ilisikilizwa wakati soja amelala.

Abeer, ambaye alikuwa amelala begani kwa baba yake, akainua kichwa. "Daktari, hiyo kitu mnatafuta kwa damu inakaa aje? Iko na macho?"

Waheshimiwa, daktari mwingine angecheka akampa peremende. Huyu alivuta karatasi, akamchorea mtoto umbo kama herufi Y, akamwonyesha mikono miwili ya kushikia, akamweleza kwamba ni ndogo mno haionekani hata kwa darubini ya shuleni, na kwamba maabara huitega kwa chambo kisha huangalia ngapi zimenasa. Mtoto akauliza chambo ni nini. Akajibiwa. Foleni nje imefika mlangoni, na wawili hawa wanazungumza habari za chambo.

Na ule uji? Uji wa mama ulikuwa wa mchanganyiko, wimbi, mtama na mahindi, unga wake umesagwa kwenye mashine ambayo asubuhi hiyo hiyo imesaga ngano ya mtu mwingine. Daktari akasema, "Mmeipunguza ngano kiasi cha kuificha isionekane. Hamkuipunguza kiasi cha kumponya."

Kisha akasema neno lililotugawanya nyumbani. Ili kipimo kiseme kweli, mtoto inabidi ale ngano tena. Kila siku, kiasi cha chapati moja, kwa wiki kadhaa. Halafu ndipo atolewe damu.

Mama yangu alisimama. Mnamwona alivyo mpole, lakini siku ile alisimama. Akasema, "Daktari, mimi huko kwetu waliniita mla watoto. Wewe sasa waniambia nichukue kitu nijuacho chamdhuru, nimlishe kwa mkono wangu. Nikishamlisha, wao walikuwa waongo au walikuwa wakweli?"

 

Daktari Mwongeli hakumwambia kaa chini, hakumwambia sayansi imesema. Alimuuliza swali. Alisema, "Mama, tuchukue njia yako. Tuondoe ngano tu, tusipime. Atapata nafuu. Idi itakuja. Nyumba kumi atakazokwenda, kila nyumba pana mahamri na kaimati. Atakuwa mkubwa, ataolewa, mama mkwe atampikia chapati kwa mapenzi. Ataikataa kwa sababu gani? Kwa sababu bibi alidhani?" Daktari akaendelea, "Na kama tumekosea, kama ni ugonjwa mwingine unaofanana na huu, tutakuwa tumemnyima chakula cha watu huku ugonjwa wenyewe unaendelea chini kwa chini. Mimi sikulazimishi. Lakini dhana haivuki Idi."

 Tukarudi Uthiru bila kukubaliana.

Jumamosi ile mama alipika chapati za wateja kama kawaida. Akabakisha moja. Akaifunika. Ikakaa pale mpaka ikapoa, na hakuna aliyeigusa, mpaka Abeer mwenyewe alipokwenda kuketi mbele yake. "Bibi, nipe tu," akasema. "Mimi nataka kujua." Mama akaosha mikono. Akasema bismillahi. Akaimega, akamtia mtoto kinywani, na mimi nikatoka nje nikalie uani ili wasinione. Mume wangu alinikuta huko, naye alikuwa amekuja kwa shughuli hiyo hiyo.

Wiki zile zilikuwa nzito, sitawadanganya. Tumbo lilirudi. Mtoto akitoka shule alilala na sare. Lakini daktari alitupigia simu mara kwa mara, akiuliza amelalaje, amekula nini, na kuturudia kwamba tukiona hali imezidi tusimame, hakuna kipimo kinachozidi thamani ya mtoto. Jumapili moja, akitoka misa, alikuja mwenyewe na bakuli la muthokoi, mahindi yao yale yaliyokobolewa na maharagwe. Akasema hiki ndicho Abeer atakachokula siku ngano itakapoondoka. Mama alionja. Kwa adabu zake zote za Mombasa akasema, "Chakula kizuri, daktari. Kuku wangu wangekipenda." Walicheka mpaka wakashikana mikono, na nawaambia leo muthokoi hupikwa kwetu kila wiki na anayeipika ni mama huyo huyo.

Damu ikatolewa. Kingamwili zikapatikana nyingi kupindukia. Hata hapo daktari hakutangaza hukumu. Alisema damu huonyesha njia, haimalizi safari, akatutuma hospitali mtoto akatazamwe utumbo kwa kamera na kuchukuliwa kipande kidogo. Kikathibitisha. Tulipopewa jina la ugonjwa mikononi, mimi nilimshukuru Mungu kama niliyepewa zawadi. Mwenzangu unayenisikiliza na ambaye umehangaika na mtoto asiyejulikana ana nini, wewe ndiye utanielewa.

Ngano ikatoka nyumbani. Kikaango cha chapati kikaenda kwa jirani. Mama akageuza biashara yake, sasa ni vitumbua na mkate wa kumimina, na wateja walinung'unika wiki mbili wakazoea. Abeer akaanza kurefuka, na mimi nikaanza kununua viatu bila kupumzika. Mnamwona.

Ningeweza kuishia hapa, na Bwana Kiarie angefurahi. Lakini Daktari Mwongeli hakuishia hapo. Akasema ugonjwa huu hupita katika damu ya ukoo, na mwingine hukaa nao maisha yote bila tumbo kumuuma hata siku moja. Wazazi tupimwe. Tukapimwa, mimi na mume wangu, hatuna. Mama akauliza, "Na mimi je? Mimi nimekula mahamri yangu mwenyewe tangu nina meno." Daktari akamtazama vizuri. Akamuuliza habari ya kiwiko kilichovunjika kwa kuteleza kidogo tu, kwani ugonjwa huu hudhoofisha hata mifupa. Akamuuliza habari ya damu haba. Wakati huo mama alikuwa bado anakula chapati kwa jirani, akisema ni kukionja tu kikaango chake cha zamani, kwa hivyo hapakuwa na haja ya kumlisha upya. Akatolewa damu.

Majibu yakasema hana. Tukanyanyuka tuondoke.

Daktari akasema, "Kaeni." Nambari ya kingamwili kwenye yale majibu ilimsumbua. Si kwamba ilikuwa ndogo, ilikuwa ndogo mno, karibu na hakuna kabisa. Akasema, "Huyu soja mimi nataka kujua kama hata filimbi anayo." Ndugu Wesonga wa maabara, inua mkono wakuone, akapima kama mwili wa mama hutengeneza ile aina ya kingamwili tunayoitafuta. Kumbe haitengenezi, alizaliwa hivyo. Kipimo kile kingerudiwa mara mia kisingeona kitu. Wakatafuta kingamwili ya aina nyingine, na hiyo ikasema. Kamera nayo ikasema. Mama yangu alikuwa nao ugonjwa ule, na huenda alikuwa nao tangu ujana wake Mombasa.

Siku tulipoitwa kuelezwa, tulikuwa watatu chumbani. Daktari alimaliza maelezo yake, akangoja maswali. Mama hakuuliza habari ya chakula. Hakuuliza habari ya mifupa. Alikaa, akainamisha kichwa, kisha akasema, "Wale watoto wangu, daktari."

Daktari Mwongeli aliweka kalamu chini. Akahamisha kiti, akaja upande wetu wa meza. Akasema, "Mama, siwezi kurudi nyuma nikaipima damu ya miaka ile. Nikikuapia kwamba ni huu, nitakuwa nakudanganya, na wewe si mtu wa kudanganywa. Lakini ugonjwa huu usipojulikana huweza kuharibu mimba, na huweza kumfanya mtoto azaliwe hana nguvu. Na wewe ulikuwa nao, na hakuna aliyekuwa na njia ya kukwambia."

Mama akasema, "Basi mimi sikuwala."

Daktari akamshika mikono yote miwili. "Hukuwala, mama. Hata mmoja."

Mama yangu alilia, na mimi nililia, na daktari, ambaye leo amekaa hapo akijifanya anatafuta kitu mkobani, naye alilia. Kisha mama akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yangu yote. Akaanza kuwataja. Halima. Swaleh. Khadija. Na mmoja ambaye hakufika kuzaliwa, lakini yeye moyoni alimwita Nasra. Mimi sikujua kama walikuwa na majina. Nilikulia peke yangu katika chumba kimoja, nikidhani mama hana mwingine wa kumfikiria ila mimi, na siku ile nilitoka Hurlingham nikiwa na ndugu.

Daktari Mwongeli, hicho ndicho ulichonipa, na hakuna shada litakalotosha. Nenda kapumzike. Mungu akuweke. Nanyi nyote mlioniazima masikio yenu jioni hii, nawashukuru sana.